Mgeni Chunguni: Habari za Matunda, Maharagi na Mbegu Tunazopika Simi-Simi

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotusukuma kuandika habari hizi.

Siku moja ya salongo hapa Simi-Simi watu walikusanyika wengi ili kuzibua mitaro na kutengeneza paa la chumba cha mafundisho. Sisi walimu wa dini tulikabidhiwa kazi ya chakula. Asubuhi ileile tulinunua maharagi mekundu sokoni, tukayaosha, tukayateleka. Saa zikapita, maharagi yakabaki magumu. Makaa yakaanza kwisha, na makaa siku hizi ni fedha. Basi tukashauriana, tukasema, "Yametosha, mwenye njaa hachagui." Tukapakua. Usiku ule wengi wetu hatukulala. Wengine walitapika, wengine walishikwa na tumbo mpaka alfajiri. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepotea.

Kesho yake akaja koko mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wetu hapa, mama wa miaka mingi anayekaa karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, mliyaloweka?"

Tukajibu, "Hapana, Koko. Tuliyapika kama kunde."

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mlimpokea mgeni bila kumwuliza desturi zake."

Neno hilo lilituingia moyoni. Tukaanza kuuliza: katika chungu chetu, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Kila mmoja alitoka wapi, akaja na nani? Na mama zetu walijifunzaje kumpika? Haya tuliyoyapata twawaandikieni sasa.

Wenyeji wa zamani

Simi-Simi iko upande wa magharibi wa mji wa Kisangani, ukingo wa kuume wa mto Kongo. Mbele yetu mto, nyuma yetu msitu. Tangu zamani watu wa mtoni, yaani Wagenya kwenye maporomoko na Walokele upande wa kushuka, walikuwa na samaki. Watu wa bara, Waturumbu, Wakumu, Wambole na wengineo, walikuwa na mashamba. Walikutana sokoni wakabadilishana mali zao. Hivi kila chungu kilipata kitu cha mto na kitu cha msitu.

Wa kwanza katika wenyeji ni mchikichi. Mti huu ni wa Afrika kabisa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kokwa zake zilizoungua mahali walipokaa watu wa zamani katika Afrika ya Kati. Matunda yake, ambayo sokoni twayaita mbila, huchemshwa mpaka nyama yake ilegee. Kisha hutwangwa kinuni polepole, maana anayetwanga kwa nguvu huvunja kokwa, na mchuzi hujaa vipande. Halafu hukamuliwa kwa maji ya moto na kuchujwa. Mchuzi mzito unaopatikana ndio mosaka, wa kupikia kuku au samaki. Ile rangi nyekundu si pambo tu. Ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nayo hulinda macho ya watoto. Mtu akiyachoma mawese juu ya moto mkali mpaka yawe meupe, ameteketeza kitu hicho, amebakiwa na mafuta matupu.

Wa pili ni safu, tunda la zambarau lenye nyama ya mafuta. Safu hawapikwi kama viazi. Huwekwa katika maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, au hulazwa kando ya majivu yenye joto, dakika chache tu, mpaka ganda likubali kidole. Likipita hapo hupasuka, na utamu wake huingia majini. Tunda hilo, chumvi kidogo na kipande cha kwanga, ni chakula kamili cha msafiri.

Wa tatu ni kunde, na wa nne njugu mawe. Hao nao ni watoto wa Afrika, asili yao upande wa magharibi wa bara letu. Kunde huvumilia joto la bondeni, huiva upesi, na majani yake pia ni mboga. Kwa sababu hiyo mama zetu waliziteleka bila kuogopa. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo lililotudanganya siku ya salongo.

Wageni wa mashariki

Msishangae tukisema kwamba makemba yetu ni mgeni. Wataalamu wa mimea wamekubaliana kwamba ndizi zilitoka Asia ya kusini-mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Lakini zimekaa nasi zaidi ya miaka elfu moja, na watu wa misitu hii wamezilea hata zimekuwa makumi ya aina. Methali yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makemba walipewa jembe zamani sana. Tena walipewa kinu: tazama lituma, fahari ya nchi hii ya Tshopo. Makemba humenywa, huchemshwa, kisha hutwangwa yangali moto mpaka yawe donge moja laini. Yakipoa kabla ya kutwangwa hukataa kushikana. Binti anayejifunza lituma hujifunza kwanza kuvumilia joto mikononi.

Mgeni mwingine wa mashariki alikuja karibuni zaidi, nasi twaijua miaka yake. Mwezi wa Januari 1877 Stanley alipita kwenye maporomoko yetu akishuka mto. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara kutoka Unguja na Manyema, watu wa Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Mwaka 1887 mtu huyo aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake walitafuta pembe na watumwa. Vijiji viliteketezwa, watoto walitengwa na mama zao. Jambo hilo tusilifiche. Lakini walileta pia mpunga, na wengi walioulima walikuwa hao hao watumwa. Walileta tena lugha hii ya Kiswahili tunayoiandika. Vita vya 1892 hata 1894 viliuvunja utawala wao, ila mpunga na lugha vilibaki. Padre Gabriel Grison alipoanzisha misioni ya Saint-Gabriel siku ya Noeli ya mwaka 1897, vyote viwili alivikuta vimekwisha kuota mizizi.

Basi mama anayepepeta mchele uani pake leo ameshika ungo wenye habari nzito. Aliyeleta mbegu hakuwa mwema kwetu. Lakini mbegu haina dhambi. Mwenye kustahili shukrani ni yule mtumwa aliyeijua kazi yake, akaifundisha kwa jirani: mpunga ukaushwe juani, utwangwe kwa zamu, upepetwe, utwangwe tena.

Wageni wa magharibi

Sasa twende upande wa pili, yaani kinywani mwa mto wetu. Mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika pale mto Kongo unapoingia baharini. Miaka kumi baadaye, 1492, Kristofa Kolombo alifika Amerika. Tangu hapo merikebu za Wareno zikaanza kuleta kwenye pwani ya Afrika mbegu na miche ya ng'ambo: mahindi, karanga, maharagi, muhogo, mananasi, mapapai, pilipili. Vitu hivyo vilipanda mto, kutoka soko hata soko, kutoka mtumbwi hata mtumbwi, miaka mingi kabla mzungu mwenyewe hajaonekana huku.

Karanga ilipofika, watu wa Kongo ya chini hawakuona ajabu. Walikwisha kuijua njugu mawe, ambayo nayo huficha matunda yake udongoni. Jina la njugu mawe kwao lilikuwa nguba. Wakampa mgeni jina la mwenyeji. Kisha watu wao walipochukuliwa utumwani, walivuka bahari na neno hilo midomoni, na hata leo katika majimbo ya kusini ya Marekani jina moja la karanga limetokana na nguba. Tazama safari yake: karanga ilitoka Amerika bila jina letu, na jina letu likaifuata Amerika.

Karanga ilikuwa na bahati, maana ilimkuta ndugu yake nyumbani. Siyo kila mgeni aliyepata bahati hiyo. Chukueni mfano wa mahindi. Huko Meksiko, kwao mahindi, wanawake huyachemsha katika maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Wamefanya hivyo tangu kale. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, watu waliichukua mbegu, wakaiacha desturi. Maskini wa Hispania na Italia wakala unga wa mahindi mtupu, siku baada ya siku, na ugonjwa ukawashika: ngozi kubabuka, tumbo kuharibika, hata akili kupotea. Daktari Gaspar Casal aliuandika ugonjwa huo huko Hispania mwaka 1735. Baadaye uliua maelfu katika Marekani pia, ambako Daktari Joseph Goldberger alianza kuuchunguza mwaka 1914, akaonyesha kwamba hauambukizi, bali chakula kimepungukiwa na kitu. Mwaka 1937 kitu chenyewe kilijulikana: ni vitamini moja iitwayo niasini. Katika mahindi imo, lakini imefungwa, na chokaa huifungua. Wale wanawake wa Meksiko hawakujua jina lake. Walijua kazi yake tu. Wakubwa wa Ulaya walikuwa na vitabu vingi, lakini hawakuwauliza.

Hata muhogo, ingawa si tunda wala mbegu, wafundisha neno hilohilo. Muhogo mchungu una sumu, nasi huuloweka siku tatu au nne kabla ya kuukausha. Katika nchi ya Kwango, hapa hapa Kongo, Daktari Trolli aliandika mwaka 1938 habari za konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa, chakula kingine kinapokosekana. Njaa husema, "Siku moja yatosha." Muhogo husema, "Haitoshi."

Chakula cha amri

Ilitokea pia kwamba chakula cha nyumbani kikageuzwa kuwa mali ya wengine. Mwaka 1911 serikali ya Wabelgiji ilifanya mapatano na William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, naye akapewa haki juu ya misitu mikubwa ya michikichi. Mojawapo ya makao yake iliitwa Elisabetha, ndiyo Lokutu ya leo, chini ya mto kutoka kwetu. Matunda yaliyokuwa mosaka ya watoto yakawa sabuni ya Ulaya, na wanaume wengi walilazimishwa kupanda michikichi na kukata vichane kwa malipo madogo. Mwaka 1917 ikatoka amri ya kilimo cha lazima. Hapa kwetu watu wakaamriwa kulima pamba na mpunga kwa vipimo. Mwanamke aliyekuwa akipanda kunde, mbika na karanga mchanganyiko katika shamba moja alipungukiwa na siku za kuvitunza.

Lakini tuseme haki pia. Mwaka 1933 ilianzishwa huko Yangambi, karibu kilomita 100 ukishuka mto, taasisi kubwa ya uchunguzi wa kilimo iliyoitwa INEAC. Mwaka 1941 wataalamu wake wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza siri ya mchikichi. Iko michikichi yenye kokwa la ganda nene, iko isiyo na ganda, na iko yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Walionyesha kwamba ule wa ganda jembamba ni mtoto wa wale wawili wa kwanza. Leo mashamba makubwa ya michikichi ya Malesia na Indonesia yamejengwa juu ya maarifa hayo yaliyopatikana ukingoni mwa mto wetu. Dunia yote yapika na kunawa kwa neno lililojulikana Yangambi, na wengi wetu hatulijui.

Mbegu katika pindo la kitenge

Tuliporudi kwa koko kumsimulia haya, alisikiliza yote, kisha akatusimulia yake.

Mwaka 1964, siku za uasi wa Simba, alikuwa msichana wa miaka kama kumi. Mji wetu ulikuwa ungali ukiitwa Stanleyville. Jina la Kisangani liliwekwa rasmi mwaka 1966. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka juu ya uwanja wa Simi-Simi ili kuwaokoa wageni waliofungwa mjini. Katika miezi ile watu wengi waliuawa, weusi kwa weupe, na jamaa nyingi zilikimbilia msituni. Jamaa ya koko ilikuwa mojawapo. Mama yake hakubeba vyombo wala nguo. Alifunga mbegu katika pindo la kitenge chake: kunde mkono mmoja, na mbika mkono mmoja.

Msituni walikula viwavi, mizizi na matunda ya mwitu. Chumvi haikuwapo, wakachoma majani ya majini, wakachuja majivu yake, wakapata maji ya chumvi chungu. Siku moja yeye na mdogo wake walilia sana kwa njaa, wakamwomba mama yao awakaangie zile mbegu. Mama akawaambia, "Hiki si chakula. Hiki ni mwaka kesho."

Walipotoka msituni walizipanda. Mbika anazopika koko mpaka leo, yeye asema ni wajukuu wa zile za pindo la kitenge. Alituonyesha namna ya kuzipika. Mbegu zilizokauka vizuri humenywa moja moja, hutwangwa mpaka zitoe mafuta, huchanganywa na kitunguu, pilipili, chumvi na samaki aliyekaushwa. Kisha hufungwa katika majani mapana ya mwituni na kupikwa kwa mvuke mpaka zigandamane kama yai. Kazi ya kumenya pekee yachukua mchana mzima. Wajukuu wake humwambia, "Koko, si tununue tu?" Naye huwajibu, "Mtanunua kwa nani, siku wanaomenya watakapokwisha?"

Sisi wenyewe twakumbuka mwezi wa Juni 2000, tulipokuwa watoto, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini mwetu na kuua mamia ya raia wasio na hatia. Mama zetu walipika kunde ndani ya nyumba, maana uani palikuwa pa hatari. Kwa nini kunde? Kwa sababu huiva upesi, na moto ulikuwa haba. Hata katika hofu ile walijua cha kuchagua.

Desturi za maharagi na karanga

Basi turudi kwenye kosa letu. Kwa nini maharagi yalituumiza, na kunde hazijatuumiza kamwe?

Maharagi hupenda nchi za baridi kidogo. Hapa kwetu bondeni, karibu mita 400 tu juu ya bahari, hayastawi sana. Mengi ya sokoni yatoka milima ya mashariki, upande wa Kivu, na safari yake ni ndefu. Yakikaa wiki nyingi katika joto na unyevu huzidi kuwa magumu, hata moto wa kawaida hayausikii. Ndiyo maana tulisema maharagi yangali mgeni Simi-Simi: twayala, lakini wengi wetu hatukukua tukiyaona shambani.

Tena maharagi mekundu, yakiwa mabichi, yana sumu yake. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumtapisha mtu. Sumu hiyo huvunjwa na moto wa kuchemka kwelikweli. Moto hafifu usiofikisha maji kuchemka hauisaidii. Wataalamu wameona kwamba waweza hata kuizidisha nguvu. Na sisi, kwa kubana makaa, tulipika kwa moto hafifu.

Desturi yake ni hii. Chagueni maharagi, mtoe yaliyooza na mawe. Yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwage maji yale, msiyapikie. Teleka kwa maji mapya, na yachemke kwa nguvu kwanza, yatokote dakika kumi na zaidi. Hapo ndipo mwaweza kupunguza moto mpaka yaive laini. Maharagi yaliyolowekwa huiva mapema, hivi makaa mtakayookoa ni mengi kuliko mtakayoyapata kwa kuharakisha. Wengine hutia majivu au magadi ili yalainike. Yalainika kweli, lakini vitamini nyingine hupotea. Basi mtie kidogo sana, au msitie kabisa.

Karanga nazo zina desturi. Adui yake ni ukungu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza, na ikaonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu yake ikaitwa aflatoksini. Mwaka 2004, katika Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwagonjesha watu 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu hii haifi kwa kukaangwa wala kwa kupikwa, tena anayeila kidogo kidogo miaka mingi huharibu ini lake. Nchi yetu ni ya mvua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo karanga zisikaushwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya mkeka au turubai. Zisifungwe gunia zingali na unyevu. Na punje zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zitupwe. Msimpe kuku, msimpe mtoto, msizitwange ndani ya mchuzi mkidhani pilipili itaficha. Mama zetu waliotoa punje mbaya moja moja, jioni barazani, walikuwa wakilinda maini ya watoto wao kabla dawa ya hospitali haijalijua jina la sumu hiyo.

Wasomaji wapenzi, mwaonaje? Mbegu hufungwa mfukoni ikavuka bahari kwa mwezi mmoja. Maarifa ya kuipika hayafungwi mfukoni. Hukaa katika mikono ya watu, na mikono hiyo, wengi wao, ni ya wanawake ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Leo tunapata sokoni vyakula vipya kila mwaka, na vile vya zamani vinaanza kuwa wageni kwa watoto wetu. Basi mwenye mama nyumbani amwulize. Mwenye koko aketi naye siku anapomenya mbika, ashike na yeye mbegu, aandike katika daftari: huloweka muda gani, hukausha wapi, huepua lini. Kazi hii si ya mabinti peke yao. Sisi tuliopika yale maharagi tulikuwa wanaume wote.

Salongo iliyofuata tulipewa tena kazi ya chakula, ingawa watu walicheka. Usiku wa kuamkia siku ile tuliyaloweka maharagi katika ndoo mbili. Asubuhi tukamwaga maji, tukakoka moto mkali. Koko akaja na fimbo yake, akafunua sufuria, akatoa punje moja kwa mwiko, akaipuliza, akaibana kwa vidole viwili. Ikapondeka.

Akasema, "Sasa leteni chumvi."